Chakula cha Mwanafunzi katika Nchi ya Wagusii

Msomaji, ukijaliwa kusafiri mpaka Kisii na Nyamira, utaona nchi iliyovaa kijani toka bondeni hata kileleni. Mvua ya zaidi ya milimita 1,500 hunyesha kwa mwaka. Migomba imesimama nyuma ya nyumba, michai imeshuka hadi mitoni, na mahindi hupandwa hata kando ya njia. Mgeni husema moyoni mwake kwamba njaa haijui njia ya kufika hapa. Lakini wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Ingia shuleni saa sita mchana, utawakuta watoto waliotoka nyumbani kwa kikombe cha chai kavu, na ambao jioni watashiba ugali usio na kitoweo cha maana. Imekuwaje nchi ya neema ikawa na watoto wanaoshiba bila kulishwa? Jibu halimo katika mvua wala udongo. Limo katika historia.

Kabla ya utawala wa Kiingereza, Mgusii alikula ugali wa wimbi, mboga za majani, maziwa, na mara kwa mara nyama au damu ya ng'ombe. Nafaka hiyo huchosha: punje zake ni ndogo mno, ndege huipenda, na kuisaga juu ya jiwe ni kazi ya magoti na mgongo. Hata hivyo gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu ijengayo mifupa, na mahindi hayafikishi hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Vijana wa kiume nao walilala katika maboma ya ng'ombe yaliyoitwa ebisarate, wakiyalinda makundi na kunywa maziwa yake. Sisemi kwamba siku zile zilikuwa za peponi. Tauni ya ng'ombe iliifagia mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na ukame haukuchagua kabila. Ila chakula kilipokuwapo, kilikuwa cha namna nyingi.

Waingereza waliwashambulia Wagusii kwa silaha mwaka wa 1905 na tena mwaka wa 1908. Mwaka wa 1912 wakapiga marufuku ebisarate, kwa kuwa waliyaona maboma yale kuwa chemchemi ya vita vya kunyang'anyana ng'ombe. Kisha mahindi yakaenea, na tangu miaka ya 1920 yakazidi kushika mahali pa wimbi. Si vigumu kuona sababu: mahindi huzaa sana, maganda yake huyakinga na ndege, na mnunuzi alikuwa tayari sokoni. Mwenye kodi ya kulipa hawezi kubishana na hesabu hiyo.

Katika miaka ya 1930 Wagusii waliruhusiwa kupanda kahawa, wakiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kupata ruhusa hiyo, na katika miaka ya 1950 chai ikafuata. Fedha zikaingia, na watoto wengi walisomeshwa kwa fedha hizo. Haifai kulisahau jambo hili. Lakini mchai ukishapandwa hukaa miaka mingi, nao hauliwi. Shamba likagawanywa kwa wana, na kwa wana wa wana. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilikuta Kisii watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira watu 605,576. Malisho ya ng'ombe yatatoka wapi?

Mwaka wa 1979 Rais Daniel arap Moi aliamuru wanafunzi wa shule za msingi wapewe maziwa bure. Yaliitwa maziwa ya Nyayo, nayo yalikuja katika pakiti za pembe tatu. Waulize wazazi wako. Huenda wakaikumbuka pakiti ile kuliko somo lolote. Mpango huo uligharimu fedha nyingi, ukalegea, ukafa katika miaka ya 1990. Na ule mpango mwingine, ulioanzishwa mwaka wa 1980 na Serikali pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ulipika chakula cha mchana katika shule za wilaya kame. Mtu mwenye haki hawezi kulalamika kwamba Turkana ilitangulizwa. Walakini Kisii na Nyamira, kwa ajili ya kijani chao, zilihesabiwa miongoni mwa walioshiba, na mzigo ukabaki juu ya wazazi. Asiyeweza kulipa, mtoto wake hushinda na njaa.

Je, shibe peke yake haitoshi? Jambo hili lilipimwa huko Kyeni, Embu, nchi ya mashamba madogo kama ya Wagusii, kuanzia mwaka wa 1998 hadi 2000. Wataalamu walichagua shule 12. Watoto wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyotiwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula. Waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika mtihani wa kufikiri, na uwanjani walionekana wachangamfu, wenye kuwaongoza wenzao.

Nyama ni ghali. Lakini chinsaga, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani, na rinagu, yaani mnavu, zina madini ya chuma na vitamini A, nazo huwa tayari kuchumwa kwa wiki chache tu; kitalu cha hatua kumi nyuma ya darasa chaweza kuzikuza. Kwa miaka mingi zilidharauliwa kama magugu, na kabichi ikasifiwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amefanya kazi ya miaka mingi kuwaonyesha watu thamani ya mboga za Kiafrika. Mama wa Kigusii hakuhitaji kuambiwa: tangu zamani humpikia chinsaga mwanamke aliyejifungua, akiitia maziwa ili kupunguza uchungu.

Siku hizi mboga hiyo imepanda cheo. Magari huipakia Kisii na kuipeleka Nairobi, ambako watu wa mjini huinunua kwa furaha. Mama aliyeipalilia hufunga fedha zake katika pindo la leso, hupita dukani, hununua pakiti ya unga mweupe wa mahindi, na asubuhi mwanawe hushika njia ya shule.