Mitungi ya Bustanini Iliyoliponyoka Tanuri la Mfalme

Mwaka 1689 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliishiwa pesa za vita. Akaamuru meza, vinara na mitungi ya fedha iliyolipamba kasri lake la Versailles iyeyushwe, ikapigwe sarafu. Takriban tani 20 za fedha ziliishia tanurini, na humo zikapotea kazi za sonara wake mkuu, Claude Ballin, aliyekuwa amefariki mwaka 1678.

Ballin huyohuyo alikuwa amesanifu mitungi ya bronzi kwa ajili ya bustani, ikasubiwa miaka ya 1660. Hiyo ilisalimika. Vyombo vya thamani vilivyofungiwa ndani vimekwisha. Vilivyonyeshewa mvua nje ndivyo vinavyotuonyesha leo ufundi wa mkono wake.

Mabwanyenye wa Uingereza nao walitaka mapambo ya namna hiyo kwenye majumba yao ya mashambani. Bronzi ilikuwa ghali, wakageukia madini ya risasi, yanayoyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi tu. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa John Van Nost, mzaliwa wa Flanders aliyefungua karakana London. Mtungi wake mashuhuri, wa mwaka 1705, ungali Melbourne Hall, Derbyshire: mkubwa, una sura za majira manne ya mwaka, na juu yake yamerundikana matunda na maua.

Mafundi hao walimimina risasi kwenye kalibu vipande vipande, wakaviunganisha kwa lehemu, kisha wakatia nondo za chuma ndani, maana risasi ni laini na hulemewa na uzito wake yenyewe. Nondo hizo ndizo adui. Maji yakipenya, chuma hushika kutu, huvimba, na kuupasua mtungi kutoka ndani. Ndiyo maana warekebishaji wa sasa huweka chuma kisichoshika kutu.

Baadaye, karne ya 19, viwanda vya Uingereza kama Coalbrookdale vilitoa mitungi ya chuma kwa wingi, ya kuchaguliwa kwenye katalogi.

Jambo moja linanisikitisha. Mitungi mingi ya risasi ilipakwa rangi nyeupe, ikanyunyiziwa mchanga rangi ikiwa mbichi, ionekane kama jiwe. Leo mingi imeachwa na kijivu chake kitupu, na wageni hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Wenye majumba hayo wangeirudishia rangi yake, walau mmoja kwa kila bustani.