Devilman, deki na giza la sebuleni

Mwaka 1972 watoto wa Japani walipewa Devilman wawili kwa mpigo. Wa kwanza alikuwa kwenye vibonzo vya Go Nagai, vilivyotoka kila wiki katika jarida la Shonen Magazine. Humo kijana mpole, Akira Fudo, anaambiwa na rafiki yake Ryo Asuka kwamba mashetani waliolala barafuni tangu kabla ya binadamu wameanza kuamka, na dawa yao ni moja tu: umkaribishe shetani mwilini mwako huku ukijitahidi kubaki na moyo wa mtu. Akira anakubali. Damu inayofuata si ya mashetani peke yao, kwa maana hofu ikishatanda binadamu nao wanageukana, na hadithi inafikia mwisho usio na mshindi.

Devilman wa pili alikuwa kwenye televisheni, kazi ya kampuni ya Toei. Huyu ni shetani aliyeuvaa mwili wa Akira baada ya kijana huyo kufa huko Himalaya, akaja mjini kufanya uharibifu, akampenda msichana aitwaye Miki na kwa ajili yake akawaasi wenzake. Kila wiki lilitokea zimwi jipya, likapigwa, na watoto wakaenda kulala. Ryo hayumo kabisa. Zilitengenezwa sehemu 39, wala hazikuwa mbaya, ila zilikuwa hadithi nyingine iliyoazima jina.

Si kwamba watu wa Toei walikosa ujasiri. Katuni za televisheni za wakati ule ziliishi kwa fedha za wadhamini, na mdhamini anataka mtoto atazame akiwa na furaha, kisha amvute mamaye dukani. Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979, ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za Japani, ilikatizwa kwenye sehemu ya 43 badala ya 52 zilizopangwa kwa sababu biashara ya vitu vya kuchezea haikwenda kama ilivyotarajiwa. Ikiwa vita vya anga za juu viliponzwa na mauzo ya midoli, shetani anayetafuna watu angepata mdhamini gani?

Njia ilifunguliwa na deki. Sony walikuwa wameleta Betamax mwaka 1975, na JVC wakafuata na VHS mwaka mmoja baadaye. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mashine hizi zilikuwa zimezagaa majumbani Japani, na maduka ya kukodisha kanda yalikuwa yakiongezeka mtaa kwa mtaa. Tsutaya, lile jina lililokuja kutawala biashara hiyo, lilianza na duka moja mjini Hirakata, mkoa wa Osaka, mwaka 1983. Wasomaji wa Tanzania Bara wenye umri wa kutosha hawahitaji kuelezwa sana, kwani kwao deki ilitangulia matangazo yenyewe. Mpaka vituo vya televisheni vilipoanza Bara mwaka 1994, seti nyingi zilizokuwepo zilifanya kazi ya kuonyesha kanda.

Desemba 1983 Bandai walitoa kanda ya Dallos, iliyoongozwa na Mamoru Oshii pamoja na Hisayuki Toriumi, ikisimulia uasi wa wachimbaji madini mwezini. Kama hadithi haikuacha alama kubwa. Umuhimu wake ni kwamba ilikuwa katuni ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kanda tu, bila kupitia televisheni wala sinema. Wajapani wakaiita aina hiyo OVA. Kanda moja ingeweza kuuzwa yen 10,000 au zaidi, bei isiyo ya mtoto. Mnunuzi alikuwa mwenye duka la kukodisha, au kijana aliyekua na Devilman na Gundam na sasa ana mshahara wake. Huyo hakuwa na haja ya kufunikwa macho.

Ndipo giza likaingia. Desemba 1985 ilitoka Vampire Hunter D, iliyoongozwa na Toyoo Ashida kutokana na riwaya ya Hideyuki Kikuchi ya mwaka 1983, yenye michoro ya Yoshitaka Amano. Mambo yanatokea miaka zaidi ya 10,000 ijayo. Wanyonya damu waliwahi kuitawala dunia, wameanza kudidimia, lakini bado wana makasri na bado wanatoza hofu vijijini. Binti wa shambani, Doris, anaumwa shingoni na Kabaila Magnus Lee, anayemtaka awe mke wake. Anamkodi mwindaji asiyesema sana, mwenye kofia pana na upanga mrefu, ambaye mwenyewe ni nusu binadamu na nusu mnyonya damu. Mkono wake wa kushoto una uso unaosema, na unasema kwa kejeli.

Ukiitazama leo utaona fedha zilikuwa chache. Midomo inacheza ovyo, na kuna watu wanaokimbia kana kwamba wanatelezeshwa. Hata hivyo dakika zake 80 zinashika, kwa kuwa waliotengeneza walijua pa kubania na pa kumwaga. D anasimama kimya, upepo unapeperusha joho, picha haitikisiki kwa sekunde kadhaa. Halafu upanga unatoka na kila kitu kinachorwa upya. Umaskini wa studio ukageuka kuwa mwendo wa hadithi. Nadhani huu ndio uzuri wa aina hii ya katuni unaopotea kwenye kazi za sasa ambazo kila kitu kinaruka muda wote.

Aliyeufanya ufundi huo kuwa wake ni Yoshiaki Kawajiri wa studio ya Madhouse. Aliagizwa atengeneze kipande cha dakika 35 hivi kutokana na riwaya nyingine ya Kikuchi. Wenye fedha walipooneshwa dakika 15 za mwanzo walimtaka aendelee, na Wicked City ikatoka mwaka 1987 ikiwa na dakika 80 hivi. Mwaka uliofuata akatoa Demon City Shinjuku. Usiku wa Kawajiri ni wa buluu, si mweusi, na ndani yake unapasuka wekundu mmoja, wa taa ya barabarani au wa jeraha. Kwa mtu aliyekodi kanda ambayo imeshapita mikononi mwa wateja wengi, huo ulikuwa ukarimu, maana weusi mtupu kwenye VHS iliyochakaa ni tope.

Ila tusifiche. Wicked City na nyingi za enzi hiyo zinawatesa wanawake kwa namna isiyoisaidia hadithi kwa lolote. Uhuru uliomtoa mdhamini mlangoni ulimwingiza pia mfanyabiashara aliyejua kwamba ubakaji uliochorwa unauza kanda. Wapo mashabiki wanaotetea mambo hayo kwa kusema nyakati zilikuwa nyingine. Sioni hoja yenyewe. Vampire Hunter D ilitoka nyakati hizohizo, na Doris anashika bunduki yake tangu tunapokutana naye.

Mwaka 1987 huohuo Devilman alirudi, safari hii kwenye kanda, chini ya uongozi wa Umanosuke Iida na kwa muziki wa Kenji Kawai. Baada ya miaka 15 Ryo alipata nafasi yake. Kanda hiyo ya kwanza, yenye urefu wa chini ya saa moja, inasimulia kuzaliwa tu: dunia ya kale kabla ya binadamu, ambako viumbe wanalana bila kupumzika; kisha kijana mpole na rafiki yake; halafu maelezo marefu ndani ya nyumba yenye giza; na mwishoni ukumbi wa starehe ambako damu inamwagwa makusudi ili shetani avutike. Mpangaji wa vipindi vya jioni asingeruhusu watu wawili wazungumze muda wote huo kabla ya ngumi ya kwanza. Mtu aliyeketi kwake, aliyelipia, taa zimezimwa, anangoja, na kungoja huko ndiko kunakomtia baridi.

Deki ilimpa mtazamaji huyo kitu ambacho ukumbi wa sinema haukuwa nacho, yaani kidole kwenye kitufe. Pambano lililopita kwa sekunde mbili liliweza kurudishwa nyuma, likasimamishwa, likakaguliwa picha kwa picha, na wachoraji walijua. Ndiyo maana zimwi la katuni hizi huchorwa kwa subira ya fundi wa nakshi, meno, mishipa na kucha, hata kama linaonekana kwa muda mfupi kisha linakatwa vipande. Kanda ya pili ya Devilman, ya mwaka 1990, inayohusu pambano na Sirene, shetani wa kike mwenye mabawa kichwani, inalipa kila unapoirudisha.

Kanda zikavuka bahari. Mwaka 1991 Uingereza ilipata Manga Video, chapa iliyotoka katika kampuni ya muziki ya Island, na Marekani Streamline Pictures wakaja kuiuza Vampire Hunter D kwa Kiingereza. Ninja Scroll ya Kawajiri, iliyotoka mwaka 1993, ilikuwa filamu ya sinema Japani lakini umaarufu wake nje uliletwa na kanda. Wakaguzi wa Uingereza wakaikata vipande. Matokeo yake kizazi kizima cha vijana wa London na Chicago kiliamini kwamba katuni ya Kijapani maana yake ni panga, damu na mapepo, wakati huohuo watoto wa Tokyo wakitazama katuni ya watoto ya Doraemon kwa amani.

Uchumi wa Japani ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kanda ya yen 10,000 ikawa anasa. Giza likahamia televisheni, lakini ya usiku wa manane, saa ambazo muda wa hewani ni wa bei nafuu na mtoto amelala, na matumaini ya kurudisha fedha yakawekwa kwenye kanda na baadaye DVD. Berserk, kutokana na vibonzo vya Kentaro Miura vilivyoanza mwaka 1989, ilirushwa usiku kuanzia Oktoba 1997 kwa sehemu 25. Guts anatembea na upanga mkubwa kuliko mwili wake, na anamfuata kiongozi mzuri wa sura, Griffith, mpaka siku ya usaliti. Bajeti ilikuwa ya kubana, picha nyingi zimesimama, na mwisho wake unakuacha katikati ya jinamizi bila kukuambia nani alitokaje. Mimi bado naiweka juu ya filamu tatu za mwaka 2012 na 2013, ambazo zilikuwa na kompyuta nyingi na pumzi kidogo.

Katuni ya Hellsing nayo iliipitia njia ya Devilman karibu hatua kwa hatua. Sehemu 13 za televisheni za mwaka 2001 ziliyaacha mbali masimulizi ya Kouta Hirano. Mwaka 2006 ikaanza upya kwa diski, sehemu 10 zilizochukua mpaka 2012 kukamilika, zikifuata vibonzo kwa ukaribu mkubwa. Mashabiki walingoja miaka sita, na walinunua.

Januari 2018 Netflix walitoa Devilman Crybaby ya Masaaki Yuasa, sehemu 10 zote siku moja. Kanda za Iida hazikuwahi kufika mwisho wa vibonzo. Yuasa alifika, pamoja na ule ukatili wa majirani ambao televisheni ya 1972 haikuuthubutu. Anayelipa sasa hanunui katuni moja wala haendi dukani. Analipia mwezi mzima wa kila kitu, na Akira Fudo amepangwa kwenye ukurasa mmoja na vipindi vya mapishi. Anayetaka kuanza, aanze na Vampire Hunter D ya 1985, kisha Devilman wa 1987, ndipo aje kwa Yuasa. Watoto wawe wamelala.