Kimya cha Mwenye Hadithi

Kila hadithi iliyopendwa na watu wengi hupata wenyewe wawili: yule aliyeitunga, na wale wanaoipenda. Wa kwanza ana haki ya kalamu. Wa pili wana haki ya moyo. Haki hizi mbili hukaa pamoja kwa amani mpaka siku ile baadhi ya wapenzi wanapomkataa mmoja wa watu wa hadithi kwa sababu ya rangi yake, wakamwandama kwa matusi. Hapo huzuka swali: je, mtungaji anawiwa nini na yule anayetukanwa? Swali hili halijajibiwa kwa urefu zaidi popote kuliko katika historia ya sinema za Star Wars za Marekani.

Sinema ya kwanza ilitoka Mei 1977, kazi ya George Lucas. Ilisimulia vita vya mbali baina ya nyota, na adui wake mkuu alikuwa Darth Vader, jitu lenye vazi jeusi na uso uliofunikwa. Mwili wa jitu lile ulikuwa wa Mwingereza. Lakini sauti yake nzito, ambayo watoto na wazee waliiiga kwa miaka zaidi ya 40, ilikuwa ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi. Jina lake halikuandikwa katika orodha ya waigizaji wa sinema ile, kwa hiari yake mwenyewe. Hivyo hadithi hii tangu siku yake ya kwanza ilinena kwa sauti ya mtu mweusi, ijapokuwa wengi walioipenda sauti hawakuujua uso. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana miaka 37 baadaye walitokea watu waliodai kwamba mtu mweusi hana mahali katika hadithi hiyo.

Dai hilo lilisikika Novemba 2014. Lucas alikuwa amekwisha kuiuza kampuni yake kwa Disney mwaka 2012, kwa bei ya dola zipatazo bilioni 4, na kampuni ilikuwa ikionyesha kipande kifupi cha kuonjesha sinema mpya. Uso wa kwanza uliotokea ulikuwa wa John Boyega, kijana mzaliwa wa London wa wazazi wa Kinijeria, amevaa mavazi meupe ya askari. Mara intaneti ikajaa manung'uniko kwamba askari wale hawawezi kuwa weusi. Boyega alijibu mwenyewe, kwa maneno machache na bila hasira: aliwashukuru waliofurahi, na wale waliochukia akawaambia wazoee. Sinema ilipotoka Desemba 2015 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 2 duniani. Walakini katika tangazo lililobandikwa nchini China picha yake ilipunguzwa ikawa ndogo, na watu wengi waliliona jambo hilo na kulilaumu. Faida ilikuwa ya wengi. Tusi lilikuwa la mmoja.

Desemba 2017 ilikuwa zamu ya Kelly Marie Tran, binti wa wakimbizi kutoka Vietnam, mwanamke wa kwanza wa asili ya Asia kupewa nafasi kubwa katika sinema hizo. Alitukanwa kwa asili yake na kwa umbo lake, mwezi hata mwezi, mpaka Juni 2018 alipofuta kila alichokuwa ameandika katika ukurasa wake wa Instagram. Mwongozaji wa sinema ile, Rian Johnson, aliwakemea watukanaji hadharani. Agosti mwaka huo Tran aliandika makala katika gazeti la New York Times, akaeleza kuwa ubaya haukuwa katika maneno yenyewe tu, bali katika kwamba yeye alianza kuyaamini. Yalithibitisha mambo aliyofundishwa na ulimwengu tangu utoto wake, kwamba mahali pa mtu kama yeye ni pembeni. Makala hayo aliyafunga kwa kutaja jina lake la Kivietnam, Loan, jina ambalo mashabiki hawakulizoea. Sinema iliyofuata, ya 2019, ilimwonyesha kwa muda wa kidogo zaidi ya dakika moja. Mmoja wa waandishi wake alitoa sababu za ufundi. Mtazamaji hana njia ya kupima nia ya mtu. Aliloliona ni kwamba aliyetukanwa katika sinema moja alikaribia kutoweka katika sinema ya pili.

Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulisikika Julai 2018, kutoka kwa mtu aliyekwisha kusahauliwa. Ahmed Best, mwigizaji mweusi aliyemcheza kiumbe wa kuchekesha katika sinema ya 1999, alifichua kwamba dhihaka alizopata wakati ule zilimfikisha karibu na kujiua. Katika kisa chake lawama haikuwa ya watazamaji peke yao, kwa sababu wahakiki wengi waliona kwamba kiumbe yule alichorwa kwa mfano wa kuwakejeli watu weusi. Mtungaji anayetaka kuwasafisha wapenzi wake hana budi kuitazama kalamu yake pia.

Boyega alilisema jambo hilo waziwazi Septemba 2020. Alipohojiwa na jarida la GQ alisema kwamba haifai kumleta mtu mweusi mbele ya tangazo, akatukuzwa kama nguzo ya hadithi, kisha katika hadithi yenyewe akasukumwa kando. Lawama hii iliwagusa wenye hadithi kuliko mashabiki. Tusi la nje huumiza. Lakini huumiza zaidi likikuta ndani ya nyumba hakuna aliyeinua sauti wala mkono.

Mwaka 2022 nyumba ilisema. Moses Ingram, mwigizaji mweusi wa mfululizo wa Obi-Wan Kenobi ulioanza tarehe 27 Mei, alikuwa ameonywa na kampuni mapema kwamba huenda matusi yakaja, na kuahidiwa msaada. Matusi yalikuja, kwa mamia, naye akayaonyesha watu. Safari hii kampuni ilitangaza kwa jina la Star Wars lenyewe kwamba inaona fahari kumkaribisha, na kwamba hadithi yenye jamii za viumbe zaidi ya milioni 20 si mahali pa mtu kuchagua ubaguzi. Ewan McGregor, mwigizaji mkuu, alitokea katika picha na kusema kwamba anayepeleka matusi hayo si shabiki wa Star Wars kwake. Juni mwaka huohuo Boyega alisema kwamba kuona Ingram akilindwa kulimfanya ajione yeye pia amelindwa. Maana alipoanza yeye, jambo hilo halikuwa la kuzungumzwa.

Je, matusi yalikoma? Hayakukoma. Mwaka 2024 yalimwangukia Amandla Stenberg, katika mfululizo wa The Acolyte, uliofutwa Agosti baada ya msimu mmoja. Stenberg huyu alikuwa na umri wa miaka 13 alipotukanwa mara ya kwanza, mwaka 2012, kwa kumcheza msichana wa The Hunger Games, ambaye mwandishi Suzanne Collins alikuwa amekwisha kuandika katika kitabu chake cha 2008 kuwa ana ngozi ya rangi nyeusi ya kahawia. Waliolalamika walikuwa wamekisoma kitabu bila kumwona.

Basi karipio la mwenye hadithi halimfungi mtukanaji ulimi. Kazi yake ni nyingine: humwambia anayetukanwa kwamba hayuko peke yake, na humwambia shabiki mwema kwamba anaruhusiwa kusimama upande wake. Likitamkwa mapema huokoa mtu. Likichelewa hubaki historia. Na likitamkwa bila nafasi ya haki ndani ya hadithi, huwa tangazo jingine tu ukutani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Lakini mgeni aliyeitwa kisha akaachwa mlangoni na mbwa hakukaribishwa. Na katika nyumba hii hakuna aliyekuwa mgeni, kwa kuwa sauti iliyoijaza tangu 1977 ilikuwa ya ndugu yao.