Uchungu Hautabiriki: Kile Kasongo Ilifundisha Dunia

Wandugu, mtoto wa Nyangwe akiulizwa historia ya kwao, jibu analo tayari: soko kando ya Lualaba, Livingstone, na tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa bunduki walipowamiminia risasi wamama waliokuja kuuza. Halafu Tippu Tip, halafu Dhanis na vita ya 1893. Hayo tumeyakariri tangu shule ya msingi. Lakini kuna historia ingine ya upande wetu, ya juzi tu. Iko ndani ya maandishi ya wanganga wa dunia nzima, na wengi wetu tumechukua diploma bila kuisikia. Walioifanya ni wamama wenye mimba wa Kasongo.

Tuanze na neno lenyewe. Mimba inauma kwa namna nyingi: mgongo, nyonga, miguu kuvimba jioni, kiungulia usiku. Hayo yote tunayaita maumivu. Lakini saa ya kuzaa ikifika hatusemi mama ana maumivu, tunasema ameshikwa na uchungu. Ni maumivu yenye kazi, ndiyo yanamleta mtoto. Na shida ya tangu zamani ni hii: utajuaje mapema ni mama gani uchungu wake utafanya kazi vizuri, na ni nani mtoto atamkwama njiani? Mtoto akikwama na hakuna upasuaji, mama anaweza kupasuka kizazi na kufa. Akipona, anaweza kubaki na fistula, mkojo unamtoka bila kukoma, na watu wanaanza kumkimbia.

Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaïre, Institut de Médecine Tropicale ya Anvers ilifanya kazi Kasongo pamoja na wanganga wa kwetu. Mmoja wao alikuwa Daktari Pangu Kaza Asila, ambaye baadaye aliandika tezi yake ya Université Libre de Bruxelles juu ya vituo vya afya vya Kasongo. Mpango ulikuwa rahisi kuusema, mgumu kuufanya: vituo vidogo vya afya karibu na watu, vinashikwa na mainfirmiye, na hospitali moja ya kupokea wale ambao kituo hakiwawezi. Mukisikia leo "zone ya afya", jueni kwamba Kasongo ilikuwa kati ya sehemu ambapo wazo hilo lilijaribiwa kabla nchi nzima haijagawanywa hivyo.

Siku zile wakubwa wa afya duniani walikuwa wanapenda sana wazo la kuchagua. Yaani, mama akija ku CPN, unampima, unamuuliza maswali, halafu unamweka kwenye kundi: huyu wa hatari, aende hospitali, huyu hana shida, azalie kijijini. Kwa nchi maskini ilionekana ni akili kabisa. Barabara mbaya, vitanda vichache, basi tuwapeleke wale tu wenye haja. Nani angekataa?

Watu wa Kasongo hawakukataa, walihesabu. Waliwafuatilia wamama 3,614 wenye mimba na kutafuta ni alama gani rahisi, ambayo infirmiye wa kawaida anaweza kuitumia, ingeonyesha mapema nani atakwama. Matokeo yalitoka mwaka wa 1984. Chukua alama ya mama ambaye uzazi wake wa nyuma ulikwenda vibaya. Kati ya wale waliowekwa kundi la hatari kwa alama hiyo, asilimia 90 hawakukwama kabisa. Na kati ya wale waliokwama kweli, asilimia 71 hawakuwa kwenye kundi hilo. Somo tena pole pole. Kama kwenye 100 waliokwama, 71 walikuwa wameambiwa, au walijiamini wenyewe, kwamba hakuna shida.

Juu ya nini? Sababu moja ni ya wazi mpaka unacheka: mama wa mimba ya kwanza hana historia ya kuulizwa, naye ndiye njia yake haijajaribiwa bado. Ingine ni kwamba kukwama si jambo la nyonga peke yake. Ni jinsi kichwa cha mtoto kinavyoingia na kugeuka, na hiyo inaamuliwa uchungu ukisha kuanza. Hakuna mita ya kupimia ukutani inayoweza kuiona mwezi wa saba.

Hesabu hiyo ilisafiri. Mwaka wa 1985 Rosenfield na Maine wa Columbia University, New York, waliuliza katika Lancet mbona programu za "mama na mtoto" zinamsahau mama. Mwaka wa 1987 mkutano wa Nairobi ulianzisha kampeni ya uzazi salama. Na Deborah Maine alipoandika mwaka wa 1991 kwamba kuchagua wamama hakuokoi maisha, namba za Kasongo zilikuwa kati ya ushahidi wake. Mwaka wa 1997 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakatoa kipimo kipya: kwa kila watu 500,000, angalau vituo 5 vya kusaidia uzazi wa dharura, na kimoja kati yao kiweze kupasua na kutia damu. Swali halikuwa tena "nani atakwama?" bali "yeyote akikwama, atafika wapi na kwa saa ngapi?"

Saa, ndiyo. Sehemu nyingi za Afrika wazee walisema jua lisimzamie mama mara mbili akiwa katika uchungu. Mwaka wa 1972 Philpott na Castle, waliofanya kazi Salisbury, Harare ya leo, walichora wazo la namna hiyo kwenye karatasi: saa upande mmoja, njia inavyofunguka upande mwingine, na mstari wa kumwambia mkunga sasa ni wakati wa kuhamisha. Hiyo ndiyo partogramu. Mstari wake umebishaniwa tangu hapo, na shirika la afya duniani limeacha ile sheria kwamba kila mama lazima afunguke sentimita moja kwa saa. Lakini kutazama uchungu wenyewe badala ya kuubashiri, hilo limebaki.

Nasema haya kwa sababu kwetu bado tunabashiri. Dada mfupi anaambiwa "wewe utapasuliwa tu", anaogopa miezi tisa, mwishowe anazaa vizuri. Mrefu mwenye nyonga pana anaambiwa "wewe hata shambani utazaa", na hakuna anayemtafutia pikipiki. Mbaya zaidi ni zile dawa za kuongeza uchungu anazopewa nyumbani mama aliyechelewa. Kama mtoto amekwama, kuongeza nguvu ni kupasua kizazi.

Kupunguza maumivu ni kitu kingine, na kwa hilo wakunga wetu wa zamani hawakukosea yote. Mapendekezo ya shirika la afya duniani ya 2018 yanasema mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe, atembee, akae wima akitaka, anywe, akandwe mgongo, awekewe kitambaa cha moto. Bibi zetu wangeshangaa kwamba ilihitaji mkutano. Ila vidonge vya sokoni tuwe macho: ibuprofeni na diklofenaki, hasa nusu ya pili ya mimba, zinaweza kuumiza figo na moyo wa mtoto. Na kichwa kikiuma sana huku macho yanaona giza, au damu ikitoka, au mtoto ameacha kucheza, hayo si maumivu ya kukandwa. Hayo ni ya kupelekwa hospitali leo leo.

Kutoka Nyangwe kwenda Kasongo ni makumi ya kilometa. Mukirudi likizo, kaeni na familia yenye mimba, hata kama ni mama wa watoto watano wasio na shida, muulize mambo matatu: pikipiki ya nani, mafuta ya nani, na usiku mvua ikinyesha, nani anaamshwa wa kwanza.