Majina Mawili ya Chumba

Mtu akiulizwa chumba fulani ni nini, aghalabu hujibu kwa kutaja kazi yake: hapa ni jiko, hapa ni darasa, pale ni ghala. Jibu hilo lamtosha mgeni anayeonyeshwa nyumba, lakini halimtoshi mjenzi wala mwandishi wa historia, kwa maana kazi ya chumba hubadilika upesi kuliko kuta zake.

Tuitazame Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kitaliano, na mwaka 1596 ikawa imesimama. Ndani yake waliweka askari, wakajenga na kanisa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwatoa humo, nao wakarudi mwaka uliofuata. Waarabu wa Omani waliizingira mwaka 1696, na baada ya miezi 33 hivi wakaingia ndani, Desemba 1698. Baadaye Mazrui waliitawala Mombasa kutoka ngome hiyo, hata Seyyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza gereza, nalo likadumu hadi mwaka 1958. Baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Sasa tumfikirie karani aliyetumwa mwaka 1957 kuorodhesha nafasi zilizomo ngomeni. Kama angaliandika katikati ya karatasi yake, "uwanja wa wafungwa", neno lake lingalikuwa kweli kwa mwaka mmoja tu. Lakini kama angaliandika, "uwanja usio na paa, uliozungukwa na kuta nene za mawe ya matumbawe", maneno hayo yangalifaa kwa Mreno, kwa Mazrui, kwa askari wa gereza, na kwa mtoto wa shule anayekwenda leo kuutazama. Hapo ndipo tuonapo tofauti ya majina mawili: jina la kazi na jina la umbo.

Watu wa pwani walikuwa na majina ya umbo tangu zamani, ingawa hawakuyapanga katika jedwali. Katika nyumba za mawe za Lamu, aingiaye hupita kwanza katika daka, penye mabaraza ya kukalia. Kisha hufika kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Kutoka hapo hupanda kidogo akaingia msana wa tini, halafu msana wa yuu, na nyuma ya misana hiyo ipo ndani. Msana ni chumba kirefu chembamba. Majina hayo hayasemi watu wale wapi wala walale wapi. Yasema tu jinsi mahali palivyo, na umbali wake kutoka mlangoni. (Choo ndicho kilichoitwa kwa kazi yake, wala sidhani kama yuko aliyetamani kukigeuza sebule.) Wembamba wa msana nao una sababu. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe na chokaa, mzigo mzito mno. Boriti ikiwa ndefu kupita kiasi hupinda. Kwa hiyo mwenye nyumba, hata awe na mali kiasi gani, aliweza kukirefusha chumba chake, lakini kukipanua zaidi ya meta 3 hivi hakuweza. Asomaye umbo la msana asoma pia mti uliolibeba dari lake.

Wajenzi wa Ulaya na Marekani walilifikia jambo hili kwa njia nyingine, njia ya makaratasi. Jengo moja kubwa huhitaji maelfu ya kurasa za michoro, vipimo na bei, na kila fundi akiita kitu kwa jina lake mwenyewe, hesabu huvurugika. Mnamo mwaka 1950 Waswidi walitunga mfumo ulioitwa SfB, na Waingereza wakauchukua katika miaka ya 1960. Lakini Waingereza hao waliyapanga majengo kwa kazi yake, shule huku, hospitali kule. Ilipofika mwaka 2001, shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kanuni namba 12006-2, ambayo ilizitenga njia mbili za kupanga nafasi: kwa kazi yake, na kwa kadiri ilivyozungukwa. Mwaka 2006 Wamarekani walitoa mfumo wa OmniClass wenye jedwali la 13 kwa kazi na jedwali la 14 kwa umbo. Jedwali hili la pili huuliza maswali ambayo hata mtoto aweza kuyajibu: Je, mahali hapa pana paa? Je, pana kuta pande zote, au upande mmoja u wazi? Kwa maswali hayo kiwanda cha Lamu na uwanja wa Fort Jesus huwekwa fungu moja.

Hata hivyo, ye yote asidhani kwamba umbo latosha. Chumba kidogo chenye kuta nne, paa na mlango mmoja chaweza kuwa stoo ya nafaka, na chaweza kuwa seli. Jedwali la umbo halitofautishi gunia na mfungwa. Anayeandika umbo peke yake amewasahau watu waliofungiwa Fort Jesus kwa zaidi ya miaka 60. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, walifanya vema waliotenga majedwali mawili badala ya kuyachanganya: moja huandikwa mara moja na kubaki mpaka ukuta uvunjwe, na la pili hurekebishwa kila bwana mpya ajapo, bila kulifuta neno la zamani.

Ndani ya ngome hiyo ipo njia iliyochongwa katika mwamba wa matumbawe kuelekea baharini, nayo hujulikana kama Njia ya Matao. Kipo pia Chumba cha Baraza cha Mazrui. Njia yaitwa kwa umbo lake, na chumba chaitwa kwa watu waliokaa humo na shauri walilolifanya.