Kutoka wodi ya Cowell: chimbuko la huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu vyuoni

Wakalimani wa lugha ya alama, vitabu vya nukta nundu, majengo yanayofikika kwa kiti cha magurudumu na muda wa nyongeza katika mitihani ni huduma ambazo vyuo vikuu vingi duniani sasa huzihesabu kuwa sehemu ya wajibu wao, lakini kwa kiasi kikubwa zilipatikana kwa sababu wanafunzi wenye ulemavu walizidai, na katika kuzidai walilazimika pia kuamua nani mwenye haki ya kusema wanachohitaji.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1944 iliyowagharamia masomo askari waliorudi kutoka vitani iliwafikisha vyuoni vijana waliopooza kutokana na majeraha ya uti wa mgongo. Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapokea katika tawi lake la Galesburg, lililokuwa ndani ya majengo ya hospitali ya zamani ya jeshi, ambako Timothy Nugent alianza kusimamia mpango maalumu mwaka 1948. Mwaka uliofuata, jimbo lilipoamua kulifunga tawi hilo, wanafunzi waliandamana wakiwa katika viti vyao vya magurudumu, na hatimaye mpango ukahamia kampasi kuu ya Urbana-Champaign. Huko yalipatikana mabasi yenye lifti za kupandishia viti hivyo, na utafiti uliofanywa chini ya Nugent ulizaa kiwango cha kwanza cha kitaifa cha ujenzi wa majengo yanayofikika, kilichotolewa mwaka 1961. Hata hivyo mpango huo, pamoja na sifa zake zote, ulimtaka mwanafunzi aweze kuvaa, kuoga na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila msaada, sharti ambalo liliwaacha nje waliopooza mikono na miguu.

Kwa hao, safari ilianzia Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley. Ed Roberts, aliyezaliwa mwaka 1939, alipatwa na polio akiwa na umri wa miaka 14, akabaki akitumia vidole viwili vya mkono wa kushoto na baadhi ya vidole vya mguu, na kulala ndani ya pafu la chuma, yaani silinda kubwa inayobadilisha mgandamizo wa hewa ili kifua kipanuke na kusinyaa. Alipoomba kujiunga na chuo hicho, Idara ya Utengamao ya California, ambayo kazi yake ilikuwa kugharamia mafunzo ya watu wenye ulemavu ili waajirike, ilikataa kumlipia kwa hoja kwamba mtu wa hali yake hangeweza kamwe kufanya kazi, na uamuzi huo ulibadilishwa baada tu ya habari zake kuandikwa magazetini. Ilibaki shida ya malazi, kwa kuwa mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 300 haikuweza kuwekwa katika bweni la kawaida. Daktari Henry Bruyn, mkuu wa Hospitali ya Cowell iliyowahudumia wanafunzi, alimpa chumba wodini, na Roberts akaanza masomo mwaka 1962.

Wengine walimfuata, wa kwanza wao akiwa John Hessler, na kufikia mwishoni mwa muongo huo wodi ilikuwa na wakazi wapatao kumi na wawili. Walijiita Rolling Quads. Ofisa mmoja wa utengamao alipotaka kuwaondoa wenzao wawili akidai hawafanyi vizuri masomoni, walipinga hadharani hadi uamuzi ukatenguliwa, na ushindi huo uliwathibitishia kwamba kuishi chini ya mamlaka ya hospitali hakukuwa lazima.

Mwaka 1970, kwa ruzuku ya serikali kuu, walifungua ofisi yao nje ya kampasi, Hessler akiwa mkurugenzi wa kwanza. Ofisi hiyo ilitunza orodha ya wasaidizi binafsi, yaani watu wanaolipwa kumvisha, kumlisha au kumgeuza mtu kitandani, lakini mwanafunzi ndiye aliyewachagua, aliyewaelekeza na aliyeweza kuwaachisha kazi. Ilitafuta pia nyumba zisizo na ngazi, na ilikuwa na karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu, jambo ambalo mtu asiye mtumiaji angeweza kulipuuza, ingawa kiti cha umeme kilichoharibika njiani kilimaanisha mtu kukwama barabarani na kukosa kipindi. Hapo ndipo ulipo uzito wa historia hii, kwa maana huduma zilipangwa na watu waliojua kwa miili yao nini kingewazuia kufika darasani. Wakazi wa mji wasio wanafunzi nao walianza kuomba msaada, na mwaka 1972 kikaundwa kituo cha maisha ya kujitegemea kwa ajili yao.

Katika ngazi ya taifa, Kifungu cha 504 cha Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973 kilipiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, lakini kanuni zake zilitiwa saini Aprili 1977 tu, baada ya wanaharakati, miongoni mwao Judy Heumann, kukalia jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Kanuni zilivilazimu vyuo kutoa wakalimani na vitabu vilivyorekodiwa, na zikazuia vyuo kukataza vinasa sauti darasani au mbwa wa kuongoza wasioona. Msaidizi binafsi, aliyekuwa nguzo ya mpango wa Berkeley, aliachwa nje ya wajibu wa chuo. Msaada wa namna hiyo umetajwa katika Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na ibara hiyo inauhesabu miongoni mwa mambo yanayomwezesha mtu kuishi katika jamii bila kutengwa.