Kubeba na Kukokota: Istilahi za Pikapu Kuukuu ya Petroli

Mmarekani akitangaza kwamba anauza "gas truck", jirani yake anaelewa mara moja. Yatafsiri maneno hayo moja kwa moja, upate "lori la gesi", na utakuwa umempoteza msomaji mara mbili. Mkazi wa Dar es Salaam atafikiria gari lililofungwa mtungi na linalopanga foleni kujaza gesi asilia. Mkazi wa Mombasa atafikiria Scania inayotoka bandarini na kontena. Kinachouzwa si hiki wala kile. Ni pikapu yenye injini ya petroli, ya miaka kumi na mitano au ishirini, ambayo mtu anaitaka ili akokote nyumba ndogo ya magurudumu hadi kando ya ziwa, alale huko siku mbili tatu na watoto wake.

Ndugu zetu walioweka makazi Texas, Ohio na Minnesota wananunua magari haya, na wakitaka kushauriana kwa Kiswahili wanajikuta wamechomeka Kiingereza kila baada ya neno la tatu. Halafu Kiingereza chenyewe, katika jambo hili, hakieleweki kirahisi hata kwa wenyewe. Ndiyo maana naona inafaa tukae chini na maneno kabla ya kukaa na muuzaji.

Kwa petroli na gesi Kiswahili kimeshatenda haki. Mmarekani ana neno moja kwa vyote viwili, ilhali katika safari hii vyote vimo: petroli iko ndani ya tangi la pikapu, na gesi ya propeni iko katika mitungi inayofungwa mbele ya karavani, ikiwasha jiko, hita na mara nyingi friji. Sisi tunasema pikapu ya petroli, karavani ya gesi, na hakuna anayeuliza tena. Mitungi ile ya mbele tusiisahau, maana uzito wake utatuhusu.

Nimesema karavani. Wako wanaopenda kuiita msafara, kwa kuwa neno la Kiingereza lilianzia kwenye misafara ya jangwani. Mimi siafiki. Msafara kwetu ni watu au vyombo vinavyokwenda pamoja, na neno hilo nalitaka kwa kazi nyingine hapa chini. Kile kibanda chenye kitanda na jiko kibaki karavani.

Sasa umri. Tuna maneno mengi ya kitu kisicho kipya, na hayalingani. "Kuukuu" hutaja umri na matumizi. "Chakavu" hutaja hali. "Mkweche" ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Pikapu ya mwaka 2004 ni kuukuu bila ubishi, lakini inaweza isiwe chakavu, na ya mwaka 2014 inaweza kuwa chakavu kabisa. Tofauti kubwa inaletwa na chumvi. Katika majimbo ya kaskazini kama Michigan na Ohio, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hurukia chini ya gari na kula chuma mwaka baada ya mwaka. Rangi ya juu itang'aa, huku chesisi imebanduka magamba na mabomba ya breki yamekuwa kahawia na membamba. Gari la Arizona lina dashibodi iliyopasuka kwa jua na viti vilivyopauka, lakini lala chini yake na tochi uone chuma kikavu, chenye rangi yake. Kama ningechagua kati ya hayo mawili kwa ajili ya kukokota, ningechukua la dashibodi iliyopasuka bila kusita. Karavani haifungwi kwenye dashibodi, inafungwa kwenye chesisi.

Kisha kuna tani. Wamarekani huzigawa pikapu zao katika nusu tani, robo tatu tani na tani moja. Ford F-150 ni nusu tani, F-250 ni robo tatu, F-350 ni tani moja. Kwa Chevrolet na Ram namba ni 1500, 2500 na 3500. Kwetu mtu akikodi Canter ya tani tatu anategemea ipakiwe tani tatu, kwa hiyo atadhani F-150 hubeba nusu tani. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Leo majina yale yamebaki majina tu, na pikapu nyingi za nusu tani hubeba zaidi ya hapo. Tena tani yao ni ratili 2,000, yaani kilo 907 hivi, si kilo 1,000. Neno "ratili" tunalo tangu enzi za wakia na frasila, na ni kosa kuliacha life wakati lingali na kazi. Vipimo vya magari haya hutajwa zaidi kwa ratili. Ninachopendekeza ni tuseme "daraja la nusu tani", ili msikilizaji ajue hilo ni daraja na si kipimo.

Kiini cha jambo kiko kwenye vitenzi viwili. Tangazo litasema pikapu hii inaweza kuvuta ratili 9,000, na mnunuzi mwenye karavani ya ratili 7,000 ataona amebakiwa na nafasi ya kutosha. Tangazo limetaja kukokota. Halikutaja kubeba.

Anayejua mkokoteni wa Kariakoo analielewa hili kwa mikono yake. Mzigo ukipangwa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni hupaa na kumwinua mwenyewe. Ukipangwa mbele mno, humwelemea. Hupangwa hivi kwamba sehemu kidogo ya uzito imkae mkononi, atulie, aukokote. Karavani ni hivyo hivyo. Ile pembetatu ya chuma mbele yake, inayoishia kwenye kikombe kinachokaa juu ya tufe nyuma ya pikapu, huitwa ulimi. Karavani ya kawaida inatakiwa kuweka kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake kwenye ulimi huo. Ikiweka pungufu, itaanza kuyumba kwa kasi ya barabara kuu, upepo wa lori linalopita uisukume, na karavani iliyumbishe gari lenyewe. Zile karavani za shingo, ambazo hupanda na kukaa juu ya bodi ya pikapu, huweka zaidi, kati ya asilimia 15 na 25. Uzito huo wa ulimi haukokotwi. Unabebwa. Unaikalia pikapu kama gunia lililotupwa nyuma yake, na unahesabiwa pamoja na abiria, mbwa na kuni.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Kwa magari ya kuanzia katikati ya muongo wa 2000 utakuta kibandiko chenye rangi ya njano na nyeupe, na sentensi moja inayosema kwamba uzito wa abiria na mizigo kwa pamoja usizidi kamwe kilo kadhaa, ratili kadhaa. Namba hiyo ni ya gari lile lile unaloligusa, si ya toleo zima, kwa sababu viti vya ngozi, mlango wa ziada na magurudumu manne yanayosukuma vimeshaipunguza. Tuseme imeandikwa kilo 680. Karavani ile ya ratili 7,000, ikiwa na mizigo, ina kama kilo 3,200, na ulimi wake umechukua asilimia 12, yaani kilo 384. Zimebaki 296. Kiungio cha kusawazisha uzito nacho kina kilo 40, zimebaki 256. Baba, mama na watoto wawili ni kilo 215. Zimebaki kilo 41 za kuni, jenereta, baiskeli na kreti la barafu. Gari hili kwa kukokota lilikuwa na akiba ya ratili 2,000. Kwa kubeba limekwisha kabla familia haijapakia hema la kivuli.

Ndiyo sababu nasisitiza "uzito wa kubeba" na "uzito wa kukokota" ziwe istilahi mbili zisizochanganywa, na "uzito wa ulimi" uhesabiwe siku zote upande wa kubeba. Mitungi ya gesi imefungwa juu ya ulimi, betri pia. Tangi la maji la lita 150 likiwa mbele ya ekseli litaongeza sehemu ya kilo zake 150 papo hapo. Kwa karavani nyingi za familia, hesabu hii ndiyo inayomtoa mtu daraja la nusu tani na kumpeleka robo tatu tani, wala si nguvu ya injini.

Vijitabu vya wauza karavani hutaja pia kitu ambacho mfasiri wa haraka atakiita "uzito mkavu". Tukisema hivyo, msomaji atadhani kilichotolewa ni maji tu. Kilichotolewa ni kila kitu: maji, chakula, vyombo, magodoro ya ziada, mara nyingine hata betri na gesi. Madereva wetu wana neno zuri zaidi, "tupu". Lori limerudi tupu. Uuite uzito mtupu, na hakuna atakayefanya hesabu ya safari kwa uzito huo.

Neno linalonikera kuliko yote ni "uwezo". Uwezo ni sifa, na sifa huvutia kujaribiwa. Kile ambacho kiwanda kinaandika ni mpaka, kwa hiyo tuseme "kikomo". Zile herufi GVWR mlangoni ni kikomo cha gari: gari, mafuta, watu na mizigo vikiwa pamoja. Kuna kingine, cha pikapu na karavani vikipimwa kama kitu kimoja, na hapa ndipo neno nililoliweka akiba linapopata kazi: kikomo cha msafara. Vikomo vyote viwili lazima viheshimiwe, na kimoja kikifikiwa, hata kama kingine kina nafasi, mzigo umekwisha.

Kwa pikapu kuukuu kuna sababu zaidi ya kutoziamini namba za kukokota. Zamani kila kiwanda kilijiwekea kipimo chake. Baadaye wahandisi wa magari wa Marekani waliafikiana juu ya kanuni moja, J2807, inayotaka pamoja na mambo mengine gari lipande mlima wa Davis Dam huko Arizona kwenye joto, kiyoyozi kikiwa wazi kabisa, bila kushuka chini ya kasi iliyowekwa. Toyota ilitangulia kuifuata kwa Tundra ya mwaka 2011, na namba zake zikashuka. Viwanda vikubwa vya Detroit vilifuata miaka iliyokuja. Pikapu ya 2005 haikupanda mlima ule kwa kanuni hiyo, basi usiishindanishe kwa namba na ya 2016.

Kuhusu injini nitasema machache. Dizeli ina msokoto mkubwa kwa mizunguko michache. Neno "msokoto" nalipenda kwa ile nguvu ya kuzungusha shafti, maana linakaa vizuri na kukokota. Petroli hupata nguvu yake kwa kukimbia, kwa hiyo mlimani itapanda hadi mizunguko 4,000 kwa dakika na kunguruma, na dereva asiyezoea atadhani inakufa. Haifi. Lakini injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na kwenye handaki la Eisenhower huko Colorado, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, theluthi moja ya nguvu haipo. Mwenye kukaa Texas tambarare hana sababu ya kuhofia hilo. Anachopata ni gari la bei nafuu, lisilo na tabo wala nozeli za gharama za dizeli.

Lita 6.0 ya Chevrolet na GMC, iliyoanza 1999, ndiyo ningeitafuta kwanza. Bloku yake ni ya chuma, nayo ni injini ya kizamani na ya kuaminika, ingawa bolti za eksosi hukatika. Ford V10 ya lita 6.8 inakunywa mafuta na inakokota kwa moyo. Ford V8 ya lita 5.4 iulizie plagi: za mapema zilikuwa na nyuzi chache na ziliweza kuruka kutoka kwenye kichwa cha injini, na zile za valvu tatu zilizokuja 2004 hukatikia ndani wakati wa kuzifungua. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, upake kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni njema. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, huenda mwenye gari alikuwa akikokota kupita kikomo, hata akikuapia kwamba alikuwa akiendea kanisani tu.

Wenzetu wa BAKITA na watunga kamusi nawaomba wayachukue haya manne: uzito wa kubeba, uzito wa kukokota, uzito wa ulimi, kikomo cha msafara. Nawe unayetaka kununua, kabla hujauliza bei, mwombe muuzaji akutumie picha ya kibandiko cha mlango wa dereva. Ukishanunua, pakia kila kitu, ingia na familia yako, upite kwenye mizani ya malori iliyoko kwenye vituo vikubwa vya mafuta kandokando ya barabara kuu. Itakupa uzito wa kila ekseli kwa dola chache.